KUZIMA, KUSHINDIKA NA KUFUNGA: ISTILAHI ZA USALAMA WA SIMU YA MKONONI

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari alitujia na swali ambalo hapo kwanza halikuonekana kuwa la lugha. Alikuwa ameiacha simu yake juu ya meza katika ofisi ya walimu, akatoka kwenda kuwahesabu wanafunzi, akarudi baada ya robo saa hivi. Simu aliikuta palepale, ila kioo chake kilikuwa kinawaka, nayo imegeuzwa ikaelekea upande wa pili wa meza. Ndani ya simu hiyo mlikuwamo mazungumzo yake na wazazi, rasimu ya mtihani wa muhula, na akiba yake yote ya M-Pesa. Alituuliza: "Je, nimedukuliwa?" Nasi tulipomuuliza kama simu ilikuwa imefungwa, alijibu bila kusita kwamba aliifunga kwa mkono wake kabla ya kuinuka kitini.

Tulipomwomba atuonyeshe namna alivyoifunga, alibonyeza kitufe cha ubavuni, kioo kikawa cheusi. Alipokibonyeza tena, simu iliwaka na kila kitu kilikuwa wazi. Haikuuliza namba ya siri wala alama ya kidole. Kwake yeye, huko ndiko kufunga.

Hatuwezi kumlaumu. Kitenzi *kufunga* tumekibebesha mizigo mingi mno katika habari za simu. Tunasema kufunga programu, yaani kuiondoa mbele ya macho. Kufunga dirisha katika kompyuta. Kufungiwa laini, yaani kampuni ya simu kuizuia isifanye kazi. Na kufunga simu, ambako kwa wengine ni kuiwekea namba ya siri na kwa wengine ni kuzima kioo tu. Waraka wa ofisi unaomwagiza mtumishi "afunge simu yake aondokapo mezani" unaweza kutiiwa kikamilifu na watumishi kumi, na simu sita kati ya hizo zikabaki wazi. Mfasiri aliyeuandika hakukosea sarufi. Alikosa neno la kutenga jambo na jambo.

Neno hilo tunalo, tena la siku nyingi. Katika nyumba zetu mlango haufungwi kwa namna moja. Mtu akiusukuma mlango ukaziba, lakini asitie ufunguo wala komeo, husemwa *ameushindika*. Wengine husema ameurudisha. Mpita njia huona mlango umeziba, na kwa adabu atapiga hodi. Asiye na adabu atausukuma na kuingia. Akitia komeo kwa ndani, ameukomea. Akitia kufuli au kuzungusha ufunguo, hapo ndipo ameufunga hasa. Mama amwambiapo mtoto, "Shindika mlango, mimi narudi sasa hivi," hakuna katika nyumba hiyo anayedhani kwamba ufunguo umezungushwa.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maelezo ya usalama mambo matatu yatengwe. *Kuzima simu* kuwe ni kuiondolea umeme wote, hata isipokee wito. *Kushindika simu* kuwe ni kukifanya kioo kiwe cheusi bila simu kudai chochote kiwakapo tena. *Kufunga simu* kubakie kwa hali ile tu ambayo simu haifunguki mpaka ipewe namba ya siri, mchoro, alama ya kidole au uso wa mwenyewe. Yafaa kuongeza kwamba simu nyingi zenye namba ya siri zinaweza kupangwa zikawie kidogo kabla ya kuidai: kioo huzimika, lakini kwa sekunde kadhaa, na pengine dakika kadhaa, simu huwa imeshindikwa tu, ndipo ikajifunga yenyewe. Mtu anayeondoka mezani hana budi kujua muda huo ni mrefu kiasi gani.

Tumekwisha kuambiwa na baadhi ya wenzetu kwamba kushindika ni kukamua miwa na ufuta, na kwamba mtu wa bara atacheka akiambiwa ashindike simu. Kuhusu kinu cha mafuta ni kweli. Lakini Kiswahili hakijawahi kuogopa kitenzi chenye maana mbili, na neno *simu* lenyewe lilitoka katika Kiajemi likiwa na maana ya waya, nalo leo laitwa chombo kisicho na waya hata mmoja. Hatudai kwamba neno hili liandikwe juu ya kitufe. Twalitaka kinywani mwa mwalimu na katika waraka, mahali panapotakiwa kueleza tofauti.

Turudi kwa swali la mwalimu, kwa maana nalo lina kosa la istilahi lililomwongezea hofu. *Kudukua* kumekwisha kuzoeleka kwa maana ya kuingia kwa ujuzi katika mfumo uliofungwa, aghalabu kutoka mbali. Mtu aliyeikuta simu imeshindikwa akaiwasha na kusoma hakudukua kitu. *Amepekua*, kama kuku apekuavyo jaa. Kuna tendo la tatu, nalo ni *kudukiza*, neno la kale la kusikiliza kwa siri maneno ya wengine. Hilo lafaa sana kwa yule anayeacha njia ya kuendelea kusoma au kusikiliza baada ya simu kurudi kwa mwenyewe. Tofauti hizi si za mapambo. Aliyepekuliwa amekwisha kupoteza siri alizosomewa, na hakuna la kuzirudisha. Aliyedukizwa anaendelea kupoteza kila siku mpaka njia ile izibwe. Wala mpekuzi asijitetee kwamba mlango ulikuwa wazi: kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwa makusudi na kinyume cha sheria katika mfumo wa kompyuta, wala hakikuweka sharti kwamba pawe na kufuli lililovunjwa.

Mwalimu wetu, basi, alipasa kutafuta dalili za kudukizwa. Kuhusu fedha tulimtuliza mapema, kwani kutuma fedha kwa M-Pesa kunadai namba ya siri ya peke yake, hata kama simu i wazi. Ingawa tulimshauri aibadili mara moja tulipojua kwamba ilikuwa ni mwaka wake wa kuzaliwa. Kisha tukamwonyesha *kuelekeza wito*. Mtu akishika simu kwa nusu dakika anaweza kuiamuru ipeleke kila wito kwenye namba nyingine, na namba za uthibitisho zinazosomwa kwa sauti zikamfikia yeye. Katika mitandao ya mfumo wa GSM, kupiga *#21# huonyesha kama wito umeelekezwa kwingine, na ##002# hufuta maelekezo yote. Kwake hapakuwa na kitu. Tukapitia orodha ya programu zote zilizomo, si zile tu zenye picha juu ya kioo. Nayo ilikuwa safi. Nywila ya barua pepe aliibadili papo hapo, kwa kuwa anayeimiliki barua pepe anaweza kuomba nywila mpya za mambo mengine mengi.

Ikabaki WhatsApp. Programu hiyo huruhusu mazungumzo ya simu yasomwe pia katika kompyuta: kamera ya simu hupiga picha ya mraba wa vidoti ulioko kwenye kompyuta, na tangu hapo kompyuta hiyo hupata kila ujumbe. Simu yenye alama ya kidole kwa kawaida huidai kwanza; simu ya mwalimu haikuwa nayo. Kwenye orodha ya mipangilio pana mahali palipoandikwa habari ya vifaa vilivyounganishwa. Mwalimu alitueleza kwamba alikwisha kupaona, akaangalia chaja na visikizio vyake, akaona ni salama. Tulicheka pamoja naye, kisha tukaona aibu, maana *kifaa* kwa Mswahili wa kawaida ni hicho hicho alichokiangalia. "Simu na kompyuta nyingine zinazosoma ujumbe wako" yangekuwa maneno marefu zaidi, lakini yangemfikisha.

Tulipoifungua orodha ile tulikuta kompyuta moja, ambayo ilikuwa imetumika jana yake. Mwalimu alibadilika uso, kisha akaikumbuka. Ilikuwa ya duka moja la kuchapa, ambako siku kumi kabla alikwenda kutoa nakala za zoezi la darasa. Aliufungua ujumbe wake katika kompyuta ya dukani, akachapa, akalipa. "Lakini niliifunga," alisema. Naam, alifunga dirisha. *Kutoka*, yaani kuiamuru kompyuta ile isimtambue tena, hakutoka; wala katika duka hilo hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kufunga na kutoka ni mambo mawili. Tangu siku hiyo yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta hiyo aliweza kuusoma ujumbe wake, na rasimu ya mtihani aliyomtumia mwalimu mwenzake siku tatu baadaye ilikuwamo.

Tuliiondoa kompyuta ile katika orodha kwa kubonyeza mara moja. Nani aliigeuza simu mezani hatukujua. Mtihani ilibidi utungwe upya, na mwalimu aliutunga kwa kalamu.