Mgonjwa ni Nani Hapa, Mama Mkubwa au Mjomba?

Leo naomba tuache kidogo habari za mapenzi na mavazi, maana nina dukuduku la siku nyingi. Hivi umeshawahi kwenda hospitali na msafara? Mgonjwa mmoja, wasindikizaji wanne, na kila mmoja anaujua ugonjwa kuliko mwenye mwili. Daktari anauliza, "Mama, unaumwa wapi?" Kabla mama hajafungua mdomo shemeji kashadakia: "Tumbo, daktari, tangu Ijumaa, na chakula hali." Mama anabaki anachezea pindo la khanga yake kama mtoto aliyepelekwa kuandikishwa darasa la kwanza.

Unacheka? Mimi pia nilikuwa nacheka mpaka yakanikuta.

Mama mkubwa alitoka Muheza akaja kwetu Temeke, damu inamtoka wakati hedhi alishakoma miaka mingi. Pesa za vipimo, dawa na taksi zilitoka kwa mjomba, mwenye duka Kariakoo. Na kwetu sisi, kama kwenu, mwenye mshiko ndiye msemaji. Siku ya majibu daktari alichungulia nje akauliza, "Msimamizi wa mgonjwa ni nani?" Mjomba akanyanyuka. Wakaongea koridoni dakika tano, mimi nimesimama pembeni nimeshika faili, mwenyewe yuko kwenye benchi anamenya chungwa. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi.

Usiku tukakaa kikao. Mjomba akasema akijua ukweli atakufa kwa presha kabla ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo aambiwe ana uvimbe mdogo tu. Wote tukaitikia, na mimi nikiwemo. Ningebishana vipi na mtu anayelipa?

Basi sikiliza kasheshe lake. Uvimbe mdogo unasubiri, lakini machungwa shambani hayasubiri. Mama mkubwa alifunga mzigo akarudi Muheza kuvuna, tarehe ya kurudi hospitali ikapita, na nyingine ikapita. Mjomba akipiga simu anaambiwa, "Nitakuja nikimaliza, mbona una haraka hivyo?" Na sisi tungemjibu nini? Uongo wetu ulishatufunga midomo. Miezi miwili ikaenda hivyo, kwa ugonjwa ambao ukiwahiwa unatibika, na ndio kansa inayowapata kinamama wengi zaidi hapa Tanzania. (Kama una mdogo wako wa kike, chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Ulizia.)

Simlaumu sana daktari. Nje kuna foleni mpaka getini, ndani kuna mama wa kijijini anayeongea kwa kunong'ona, na pembeni yake kuna bwana amevaa saa, anajieleza vizuri na risiti zote anazo mkononi. Wewe ungeongea na nani? Tena hospitali zetu zinawategemea ndugu. Ndugu ndiye analeta uji asubuhi, anafua mashuka, anakimbilia dawa duka la nje zikikosekana dirishani. Huwezi kumfukuza ndugu halafu umtume dawa. Na wakati mwingine anatakiwa kweli: mzee wa kisukari unamfundisha nini cha kula wakati hajawahi kushika mwiko tangu azaliwe? Muite anayepika!

Lakini kumshirikisha ndugu ni jambo moja, kumpa siri ya mwingine ni jambo lingine. Kiapo cha madaktari cha Geneva cha mwaka 1948 kinataka siri ya mgonjwa itunzwe, na kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017 kikaongezwa neno la kuheshimu uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Hapa kwetu, kwenye ukimwi, sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Sasa kama kijana wa miaka 15 anaaminiwa na majibu yake, mama mwenye wajukuu kakosa nini?

Nanyi wasichana mnanielewa. Uko na mama kwenye chumba cha daktari, linakuja swali la siku zako, mama anajibu yeye. Ukweli uliokuwa nao unarudi nao nyumbani, na dawa unayopewa ni ya ugonjwa wa mama yako!

Tuendelee. Mama mkubwa aliporudi mjini, rufaa ilikuwa ya Ocean Road. Jamani, Ocean Road nani haijui? Hata konda wa daladala anajua. Kwenye taksi aliiangalia bahari, halafu akanigeukia. "Mwanangu, huku si kwa watu wa kansa?" Nikamwambia wana mashine nzuri za uvimbe. Hakusema kitu tena mpaka tunashuka.

Ndani tulimkuta daktari dada mmoja, umri hautuzidi sana. Mjomba akaanza hotuba yake kama kawaida. Yule dada akamsikiliza, akamwambia kwa adabu, "Baba, shikamoo, naomba utupishe kidogo, nizungumze na mama." Mjomba alibaki kama kamwagiwa maji. Tukatoka, mlango ukafungwa karibu nusu saa.

Mama mkubwa alitoka macho mekundu. Nilitegemea ataanguka, presha ile tuliyoiogopa. Aliomba simu, akampigia bintiye, wakaongea habari za hati ya shamba na deni la upatu. Alipomaliza ndipo akamgeukia mjomba. "Nilikubeba mgongoni wewe. Ungeniambia, machungwa ningeyaacha yaoze."

Mjomba hakujibu.

Mionzi alipata yote, na kliniki anahudhuria. Faili analishika mwenyewe, na maswali anauliza mwenyewe, mengi kweli, mpaka foleni inanung'unika. Mjomba bado ndiye analipa taksi, ila siku hizi anasubiri kwenye benchi.