Kupwa na Kujaa kwa Ziwa Rukwa: Maisha ya Wavuvi wa Songwe na Lugha Zao

Wachunguzi wa Kiswahili wajua ya kuwa neno pwani latokana na kitenzi -pwa: ni mahali maji yanapopwa, yaani yanapojitenga na nchi kavu na kuuacha mchanga wazi. Kwa mtu wa Lamu au Kilwa jambo hilo hutokea kila siku, na saa zake zajulikana. Wako watu wengine mbali sana na bahari ambao maji yao nayo hupwa na kujaa, walakini si kwa saa bali kwa miaka. Hao ni wakaazi wa ukingo wa Ziwa Rukwa katika Mkoa wa Songwe, na makala haya yataeleza hali ya maisha yao pamoja na mambo machache ya lugha yanayotokana na maisha hayo.

Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Watu wengi waujua kwa ajili ya mji wa Tunduma ulio mpakani mwa Zambia, maana hapo hupita barabara kuu iendayo Lusaka na reli ya TAZARA. Upande wa kaskazini nchi yashuka ghafula kutoka nyanda za juu za Wanyiha na Wanyamwanga mpaka katika bonde la ufa, penye joto na nyasi ndefu. Chini kabisa ndiko liliko ziwa. Mito kama Momba na Songwe huingia humo, wala hakuna mto hata mmoja utokao. (Msomaji asiuchanganye mto huu wa Songwe na ule mwingine wa jina hilo hilo uendao Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wa Malawi.) Kwa kuwa maji hayana njia ya kutoka ila kwa kukaushwa na jua, yamekuwa na magadi na chumvi, na ukubwa wa ziwa hufuata mvua. Mwaka 1929 urefu wake ulihesabiwa kuwa kilomita 48 tu. Mwaka 1939, yaani miaka kumi baadaye, ulikuwa kilomita 128 hivi. Siku hizi, ziwa likijaa, urefu wake hukaribia kilomita 180.

Tarakimu hizo ni rahisi kuandikwa, bali kwa mwenye nyumba ukingoni zina maana nzito. Bonde ni tambarare, hivyo maji yakipanda kidogo tu hufunika nchi kubwa, na yakishuka kidogo humwacha mvuvi mbali na mtumbwi wake, katikati pakiwa na tope na matete. Ndiyo sababu makazi mengi ya wavuvi ni kambi za miti na nyasi, zinazoweza kuhamishwa. Mtu hajengi nyumba ya kudumu mahali ambapo mjukuu wake huenda akavua samaki. Tena katika nyasi hizo zinazofunikwa na kufunuliwa na maji huzaliana nzige wekundu, na kwa hiyo bonde la Rukwa lilitiwa chini ya ulinzi wa shirika la kimataifa la kupambana na nzige hao, lililoanzishwa mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, mji uitwao leo Mbala.

Kazi kubwa ni uvuvi. Samaki wanaotafutwa zaidi ni perege, ambao aina yao moja haipatikani kwa asili ila katika Rukwa, na kambale. Wanaume hutega nyavu jioni na kuzitazama alfajiri. Samaki wakifika nchi kavu kazi huwa ya wengi, na wanawake wana sehemu kubwa: kupasua, kutia chumvi, kuanika juani au kukausha kwa moshi juu ya chanja. Samaki mbichi haingoji, na barabara ya kupanda magenge ni mbaya wakati wa masika. Kwa hiyo bei hutegemea gari kuliko ziwa. Mchuuzi akichelewa, mvuvi huuza kwa hasara au hukausha vyote. Daraja la Momba, linalounganisha Kamsamba na upande wa Rukwa, limepunguza taabu hiyo, lakini halikuimaliza. Samaki wakavu hupelekwa Tunduma, na wengine huvuka mpaka.

Biashara ya zamani kuliko hiyo ni ya chumvi. Huko Ivuna, katika Wilaya ya Momba, zimo chemchemi za maji ya chumvi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta hapo mabaki ya vyungu na majivu yanayoonyesha ya kuwa chumvi ilipikwa tangu karne ya 13 au karibu yake. Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kutua kidogo. Mswahili husema chumvi, na katika lahaja za kaskazini munyu. Mbemba wa Zambia, akitaka chumvi, husema umucele, na Mchewa wa Malawi husema mchere. Kwetu mchele ni nafaka ya mpunga iliyokobolewa. Basi katika soko la Tunduma, ambapo watu wa nchi hizi hukutana, neno moja laweza kuleta kikapu kisichotakiwa.

Lugha za ukingoni zenyewe zastahili kutazamwa. Malcolm Guthrie, katika mpango wake wa kuainisha lugha za Kibantu, aliziweka Kiwanda, Kinyamwanga na Kinyiha katika kundi la M, pamoja na Kibemba; lakini Kiwungu, kinachosemwa upande wa mashariki wa ziwa, alikiweka katika kundi la F pamoja na Kisukuma, Kinyamwezi na Kikimbu. Basi bonde hili ni mahali makundi mawili yanapopakana. Tena Wasukuma wenye ng'ombe wengi wamehamia humo, na wavuvi nao hutoka sehemu nyingi. Watu wa asili mbalimbali namna hii, wakiwa mtumbwini, husemezana kwa Kiswahili.

Faida yake ni dhahiri: mtoto wa kambini aingiapo darasa la kwanza huikuta lugha aliyokwisha kuisikia. Hata hivyo iko hasara. Maji ya kunywa huchotwa ziwani penye mamba, kipindupindu hakiko mbali mahali pasipo na vyoo, na shule na zahanati mara nyingi ziko mwendo mrefu. Kijana apatapo nafasi hupanda magenge kwenda Tunduma au Vwawa, wala si ajabu. Aondokapo huchukua pamoja naye maneno ya kazi ya wazee wake: majina ya matete, ya pepo, ya namna za tope, na ya hatua za kupanda na kushuka kwa maji. Maneno hayo hayana kazi mjini, na hayatadumu huko.

Kwa hiyo yafaa wanafunzi wetu waende ukingoni, wakae na wavuvi na wapika chumvi, wayaandike maneno hayo katika Kiwungu, Kiwanda na lugha nyinginezo pamoja na maana yake katika Kiswahili. Kiswahili kilichukua neno pwani kutoka katika kupwa kwa bahari. Huenda kikapata kwa watu wa Rukwa maneno ya kupwa kunakodumu miaka, ambayo hakina bado. Ziwa likipwa hujaa tena. Lugha ikipwa, ni shida kujaa.