MGOMBEA ALIYESIMAMA MARA SITA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Chato

  Waliochelewa kwa sababu ya mvua au ya mitumbwi wakaribie, wakae. Kila mmoja awe na daftari na kalamu mkononi, maana leo tutasoma habari za mtu, na ndani yake mna hesabu za kutoa.

Katika somo lililopita tulijifunza maneno manne: kura, mgombea, wakala na tume. Leo tutayatumia. Swali letu ni lile linalosikika sana barazani: mtu akigombea akashindwa, akagombea tena akashindwa, mbona anarudi? Je, ni tamaa? Ni ukaidi? Au yako mambo mengine? Hatutabahatisha. Tutamtazama mtu mmoja, jina lake Seif Sharif Hamad, ambaye watu walimwita Maalim Seif. Aligombea cheo cha Rais wa Zanzibar mara sita: mwaka 1995, 2000, 2005, 2010, 2015 na 2020. Hakutangazwa mshindi hata mara moja.

Labda mmoja wenu atasema, "Zanzibar ni ya baharini, sisi ni watu wa Ziwa Victoria, yatuhusu nini?" Yatuhusu. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili, 1964, zikawa nchi moja. Lakini Zanzibar ina Rais wake wa mambo yasiyo ya Muungano, ina Baraza lake la Wawakilishi, na ina Tume yake ya Uchaguzi. Sisi huku tukienda kituoni twachagua watu watatu: Rais wa Muungano, Mbunge na Diwani. Mpiga kura wa Zanzibar huchagua watano, kwa kuwa huongeza Rais wa Zanzibar na Mwakilishi. Kwa hiyo ana kazi kubwa kuliko yetu, na karatasi nyingi zaidi za kukunja.

Sasa tumjue mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 22 Oktoba, 1943, Mtambwe katika kisiwa cha Pemba. Alikuwa mwalimu wa shule, na ndiyo maana ya lile neno Maalim, yaani mwalimu. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar mwaka 1977, na Waziri Kiongozi tangu 1984 hata Januari 1988. Mwaka huohuo wa 1988 alifukuzwa katika chama, CCM. Mwaka 1989 akakamatwa, akakaa kizuizini mpaka mwisho wa mwaka 1991. Sheria ya vyama vingi ilipokuja mwaka 1992, yeye na wenzake wakaanzisha Chama cha Wananchi, CUF.

Basi ukafika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, tarehe 22 Oktoba, 1995. Ilikuwa siku yake ya kutimiza miaka 52. Wagombea wa urais wa Zanzibar walikuwa wawili tu, yeye na Dk. Salmin Amour wa CCM. Tume ikatangaza hivi. Andikeni:

Salmin Amour, kura 165,271.
Seif Sharif Hamad, kura 163,706.

(Hapa mwalimu wa darasa azime redio kwa dakika tano. Wanafunzi watoe namba ndogo katika kubwa.)

Mmepata ngapi? Jibu ni 1,565. Sasa twende mbele kidogo. Zanzibar wakati ule ilikuwa na majimbo 50. Ukigawa 1,565 kwa 50 wapata kama kura 31 kwa kila jimbo. Tena, kila mtu anayehama upande mmoja kwenda wa pili hupunguza huku na kuongeza kule. Kwa hiyo watu 783 tu wangalibadili mawazo yao, mshindi angalikuwa mwingine. Watu 783! Ni wachache kuliko watu wanaokusanyika gulioni siku moja.

Kwa maoni yangu hesabu hii ndogo yaeleza mengi katika miaka 25 iliyofuata. Mtu aliyeshindwa kwa kura laki moja huenda nyumbani akafikiri. Lakini aliyeambiwa ameshindwa kwa kura 1,565 husema, "Hesabuni tena." CUF walisema hawakuyakubali matokeo yale, na waangalizi wa kutoka nje nao walieleza wasiwasi juu ya jinsi kura zilivyojumlishwa. Tume ilishikilia hesabu yake. Katika Baraza la Wawakilishi CCM walipata viti 26 na CUF 24. Viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda kwa CUF. Kisiwa kimoja kikawa upande huu, na kingine, kwa sehemu kubwa, upande ule.

Hapa nataka wakulima wa pamba wanisikilize vizuri. Wazee wetu wa Usukuma, katika miaka ya mwanzo ya 1950, walikuwa na ugomvi mkubwa na wanunuzi wa pamba. Ugomvi ulikuwa juu ya mizani. Mkulima alileta pamba yake, mnunuzi akapima, akasoma namba, na mkulima asiyejua kusoma akapokea alichopewa. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kupima, na kutoka hapo vikaota vyama vya ushirika, na kiongozi mmoja aliyejulikana sana alikuwa Paul Bomani. Mizani ni ileile ya chuma. Kilichobadilika ni kwamba mwenye pamba alikuwa na mtu wake aliyeitazama sindano. Wakala wa mgombea katika kituo cha kura ana kazi hiyohiyo. Hakai pale kwa kunywa chai. Yuko pale atazame kura zikihesabiwa, na aweke sahihi kwenye karatasi ya matokeo. Wakala asiyejua kusoma tarakimu huweka sahihi juu ya asichokijua, ndiyo sababu somo la leo limechanganywa na hesabu.

Turudi Zanzibar. Ugomvi wa 1995 ulidumu miaka, mpaka Jumuiya ya Madola ikawapatanisha, wakatia sahihi Muafaka mwezi Juni 1999. Muafaka ule haukutekelezwa vizuri. Uchaguzi wa pili ukafanyika tarehe 29 Oktoba, 2000, ukaharibika vibaya. Katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi kura zilifutwa, zikarudiwa wiki moja baadaye, na CUF wakasusa. Kususa ni kukataa kushiriki kwa sababu ya kutoridhika. Amani Abeid Karume wa CCM akatangazwa mshindi kwa asilimia 67, na Maalim Seif akaandikiwa asilimia 33.

Mwezi wa Januari 2001, tarehe 26 na 27, watu waliandamana. Askari wakapiga risasi. Waliuawa watu wasiopungua 30, na wengine zaidi ya elfu mbili wakakimbia kwa majahazi mpaka Shimoni, katika pwani ya Kenya. Kabla ya hapo Tanzania ilizoea kupokea wakimbizi, nanyi wa upande huu mwakumbuka waliopita Ngara na Biharamulo mwaka 1994. Safari hii Watanzania ndio walikuwa wakimbizi. Nasema jambo hili polepole kwa sababu uchaguzi hauishi kwa wagombea peke yao. Mgombea aliyeshindwa ataishi, atahojiwa na magazeti, atagombea tena. Aliyepigwa risasi barabarani hana uchaguzi wa pili.

Oktoba 2001 ukaandikwa Muafaka mwingine. Mwaka 2005 Karume alipata kama asilimia 53, Seif 46. Ugomvi ukabaki palepale.

Halafu likatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Tarehe 5 Novemba, 2009, Rais Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakazungumza, na baada ya hapo wakakubaliana kuacha uhasama. Safari hii hawakungoja wageni wa kuwapatanisha. Watu waliyaita Maridhiano. Tarehe 31 Julai, 2010, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kati ya kila watu watatu waliopiga kura, karibu wawili walisema ndiyo. Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa. Tangu hapo chama kinachoshika nafasi ya pili, kikiwa na kura za kutosha, hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri hugawanywa kati ya vyama.

Elezeni maana yake kwa maneno yenu wenyewe. Zamani aliyepata 50 na kidogo alichukua sufuria zima la ugali, na aliyepata 49 akaondoka na njaa. Sasa sahani zikawa mbili. Haziko sawa, lakini ni mbili.

Uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba, 2010, ulikuwa hivi:

Dk. Ali Mohamed Shein, kura 179,809.
Seif Sharif Hamad, kura 176,338.

(Toeni tena.)

Jibu ni 3,471. Ni pengo dogo kama lile la 1995, ila safari hii hakuna aliyekimbia kwa jahazi. Maalim Seif aliyakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dk. Shein. Wanafunzi, linganisheni miaka hiyo miwili. Watu walikuwa walewale, visiwa vilevile, na pengo lilikuwa dogo mara zote mbili. Sheria ya kugawana ndiyo iliyokuwa tofauti.

Lakini msidhani mambo yalinyooka moja kwa moja. Tarehe 25 Oktoba, 2015, alisimama mara ya tano. Kesho yake, kabla Tume haijamaliza kutangaza, akawaambia waandishi kwamba hesabu za chama chake zinaonyesha ameongoza. Tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote, akisema ulikuwa na kasoro. Ukarudiwa tarehe 20 Machi, 2016. CUF wakasusa, na Dk. Shein akapata zaidi ya asilimia 91. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu mpaka mwaka 2020.

Kisha ndani ya CUF kwenyewe kukatokea mgogoro. Profesa Ibrahim Lipumba, ambaye naye aligombea urais wa Muungano mara tano, alidai uenyekiti, na Machi 2019 mahakama ikampa haki. Maalim Seif akahama na wafuasi wake wengi kuingia ACT-Wazalendo. Ni kama jahazi lililoshusha tanga moja na kupandisha jingine, abiria wakiwa walewale. Oktoba 2020 akasimama mara ya sita, umri wake miaka 77. Dk. Hussein Mwinyi wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 76, naye akaandikiwa karibu 20. ACT waliyakataa matokeo yale. Hata hivyo, baada ya majadiliano, chama kikakubali kuingia serikalini, na tarehe 8 Desemba, 2020, Maalim Seif akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza. Baadhi ya wafuasi wake walikasirika. Wengine walisema mwenye kuketi barazani husikia zaidi kuliko aliye nje ya ua.

Mwezi wa Januari 2021 alikuja hapa kwetu Chato. Rais John Magufuli, aliyekuwa Mbunge wa sehemu hizi tangu 1995 hata 2015, aliwapokea yeye na Rais Mwinyi. Tarehe 17 Februari Maalim Seif akafariki katika hospitali ya Muhimbili, akazikwa kwao Mtambwe. Tarehe 17 Machi akafariki Rais Magufuli, akazikwa hapa Chato.

Sasa lile swali: mbona alirudi? Kwanza tazameni namba. Mara mbili pengo lilikuwa chini ya kura 4,000. Pili, yeye hakuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na Pemba nzima, na mtu aliyebebwa na watu wengi hashuki kirahisi hata akitaka. Tatu, kila aliporudi sheria zilikuwa zimesogea kidogo: muafaka wa kwanza, wa pili, maridhiano, mabadiliko ya katiba. Abdoulaye Wade wa Senegal alishindwa mara nne, mwaka 1978, 1983, 1988 na 1993, akashinda 2000. Raila Odinga wa Kenya aligombea mara tano kati ya 1997 na 2022, hakuupata urais, lakini ugomvi wa uchaguzi wa 2007 ulileta cheo cha Waziri Mkuu na, mwaka 2010, katiba mpya.

Upande wa pili nao usemwe. Jina moja likikaa kwenye karatasi ya kura miaka 25, vijana wa chama hicho hukaa kwenye foleni miaka 25. Kwangu mimi hiyo ni hasara, na hailipwi na sifa za uvumilivu.

Kazi ya kufanya. Andikeni kwa maneno, si kwa tarakimu: 1,565 na 3,471. Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya swali hili: wakala wa kituo chako akikuta karatasi ya matokeo haifanani na hesabu aliyoiandika yeye, afanye nini kabla ya kuweka sahihi? Mwalimu wa darasa akusanye madaftari siku ya Alhamisi.