Nuru inayomwonyesha mpasuaji mpaka wa saratani

Miongoni mwa mambo yanayomkabili daktari bingwa wa upasuaji, ni machache yanayomwelemea kuliko swali hili: saratani imeishia wapi? Kukata si kazi ngumu kwa mkono uliozoea. Kazi ngumu ni kujua mahali pa kukomea. Akibakisha, kilichobaki chaweza kuota tena mithili ya magugu yaliyofyekwa majani yakaachwa mizizi. Akizidisha, huenda mgonjwa akazinduka hali amepoteza usemi, au mkono wake hauinuki tena. Mwili wa mgonjwa ni amana, na amana hiyo ina pande mbili: kuondoa chenye kudhuru na kuhifadhi kilicho salama.

Ndugu msomaji, suala hili si geni. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki takriban mwaka 1013, aliliandika katika kitabu chake kikubwa, al-Tasrif, chenye sehemu 30, ambayo ya mwisho inahusu upasuaji. Alieleza kuwa saratani ikiwa changa, tena ipo mahali inapoweza kung'olewa yote, kama vile kwenye titi, hukatwa. Ama ikishakuwa kubwa na kukomaa, alionya isiguswe. Zama hizo hizo Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo, alibainisha kuwa jicho huona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu na kuliingia. Elimu ya kisu na elimu ya nuru zikafuata kila moja njia yake kwa karne nyingi. Leo zimekutana katika chumba cha upasuaji.

Chembe za saratani na chembe zenye siha hufanana machoni, hasa pembezoni mwa uvimbe. Kwa hiyo aghalabu daktari hutegemea kutazama, kupapasa na kupeleka vipande maabara. Mwaka 1947, George Moore wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alichapisha habari za kutumia fluoresini, rangi ing'aayo inapomulikwa, ili kuutambua uvimbe wa ubongo. Wazo hilo ndilo lililoendelezwa hadi leo.

Mfano ulio wazi ni ule wa saratani kali ya ubongo iitwayo glioma. Saa chache kabla ya upasuaji mgonjwa hunyweshwa dawa iitwayo asidi ya aminolevuliniki. Dawa hiyo ikiingia katika chembe za uvimbe hugeuka na kuwa kitu kingine kinachojilimbikiza humo zaidi kuliko katika ubongo wenye siha. Daktari akimulika kwa mwanga wa buluu, uvimbe hung'aa kwa wekundu, na ubongo uliosalimika haung'ai hivyo.

Je, kuna faida? Walter Stummer na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya majaribio yao mwaka 2006. Waliopasuliwa kwa msaada wa mwanga huo, uvimbe unaoonekana kwenye picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 yao. Waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida ni asilimia 36. Baada ya miezi 6, ugonjwa ulikuwa haujasonga mbele kwa asilimia 41 ya kundi la kwanza, na asilimia 21 ya kundi la pili. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2017.

Zikafuata nyingine. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha pafolasianini kwa saratani ya ovari, na mwaka 2022 kwa ile ya mapafu. Mwaka 2024 ikaidhinishwa pegulisianini kwa saratani ya titi. Hii ya titi ina uzito wake, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa nchini Uingereza mwanamke 1 kati ya 5 waliofanyiwa upasuaji wa kuhifadhi titi alilazimika kupasuliwa tena. Katika majaribio ya pegulisianini, wagonjwa waliopasuliwa kwa msaada wa mwanga huo walikuwa 357, na 27 kati yao waliondolewa saratani ambayo upasuaji wa kawaida ulikuwa umeiacha.

Hata hivyo, tusilipe jambo hili sifa lisiyostahiki. Mwanga huo haupenyi ndani sana; kilichofichwa na damu au nyama hauonyeshi. Pengine hung'aa kisicho saratani, na pengine saratani ising'ae. Pegulisianini yaweza kumletea mgonjwa mzio wa hatari. Aliyekunywa dawa ya ubongo hupaswa kujikinga na mwanga mkali kwa siku moja au mbili, asije akaungua ngozi. Na katika majaribio yale ya Ujerumani, urefu wa maisha ya makundi mawili kwa jumla haukutofautiana kwa namna ya kuthibitika. Nuru hii basi huonyesha tu. Uamuzi unabaki kwa daktari, na tiba haimaliziki kwa kisu.

Yatupasa tuzingatie kuwa nuru humfaa mpasuaji pale tu ambapo uvimbe bado unaweza kung'olewa. Mwenye kuhisi uvimbe titini, au kutokwa na damu isiyo ya kawaida, au maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, asingoje. Aliyoyasema al-Zahrawi miaka elfu moja iliyopita kuhusu saratani ingali changa, vyombo vya leo havijayatangua.