KAMERA YA GARI: KUIBANDIKA NI DAKIKA TANO, KAZI IKO KWENYE UMEME

Leo tuongelee kamera za magari, zile ndogo zinazobandikwa kwenye kioo cha mbele zikawa zinarekodi barabara muda wote. Kariakoo zimejaa, bei za kila aina, na vijana wengi wanamnunulia mzee wa nyumbani kama zawadi. Sasa ukifika home unafungua boksi, unakuta kamera, waya mrefu na karatasi ya maelezo ya Kichina. Hapo unabaki wewe na gari la familia, ambalo ukiliharibu utaeleza mwenyewe.

Kwanza tuelewane, hiki kitu sio urembo. Chukua ajali ndogo tu ya kila siku: gari linakata kona kuingia kushoto, bodaboda anapenya hukohuko kushoto, wanagusana. Dakika mbili haziishi wameshajaa bodaboda wenzake, kila mtu shahidi, na aliyeona kweli ameshaondoka zake. Mwenye gari ndiye anaonekana ana hela, kwa hiyo mwenye gari ndiye mwenye kosa. Mara nyingine kosa ni lake kweli, na kamera itaonyesha hivyo hivyo, maana haina ndugu. Ila angalau mnakuwa mnabishana juu ya kilichotokea, sio juu ya nani ana sauti kubwa. Urusi zilienea sana kwa sababu kama hizi za kesi za barabarani na bima. Ndiyo maana kile kimondo kilichopasuka juu ya Chelyabinsk tarehe 15 Februari 2013 kilinaswa na kamera kibao za madereva. Hakuna aliyekuwa anawinda kimondo, watu walikuwa wanaogopa kesi tu!

Kwa hapa Bongo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kutumika kama ushahidi mahakamani. Lakini mahakama inaangalia imetengenezwaje, imetunzwaje, na kama haijachezewa. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Haya, kubandika. Mahali pazuri ni nyuma ya kile kioo cha ndani cha kuangalia nyuma, upande wa abiria kidogo, ili dereva asiione kabisa. Iwe ndani ya eneo ambalo waipa inafuta, la sivyo mvua ya masika ikipiga utakuwa unarekodi matone. Usibandike juu ya vile vidoti vyeusi vya pembeni mwa kioo, gundi haishiki vizuri pale. Futa kioo kwa spiriti, kikauke, bandika, ikandamize sekunde kama thelathini, kisha iache bila kuigusa mpaka kesho yake. Basi, kubandika kumeisha.

Sasa twende kwenye umeme, na hapa naomba msome taratibu.

Gari dogo lina betri ya volti 12. Kamera nyingi zinakula volti 5, kama simu. Katikati lazima kuwe na kitu cha kushusha umeme kutoka 12 kwenda 5. Kitu hicho kiko NDANI ya kile kichwa cha kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Watu hawalijui hili. Kuna jirani yetu alipeleka gari kwa fundi, fundi akaona kile kichwa ni kikubwa hakipendezi, akakikata, akaunga waya wa kamera moja kwa moja kwenye waya wa redio. Kamera iliwaka sekunde chache ikatoa harufu, ikafa siku hiyo hiyo. Fundi akasema kamera ni feki. Kamera haikuwa feki, ilipewa umeme zaidi ya mara mbili ya uwezo wake.

Njia rahisi kuliko zote ni kuchomeka kwenye hiyo soketi ya sigara na kupitisha waya vizuri. Kabla ya hapo pima kitu kimoja: chomeka chaja ya simu, zima gari, toa funguo. Kama chaja imezima, safi, soketi inafuata funguo. Kama bado inawaka, basi soketi ina umeme muda wote na kamera itaendelea kunyonya betri usiku kucha mkiwa mmelala.

Ubaya wa soketi hauko kwenye umeme, uko kwenye familia. Soketi ni moja, simu ni tano. Dada anachomoa kamera achaji simu, anashuka, anaiacha hivyo hivyo. Siku ya ajali ndiyo mnagundua kamera ina wiki tatu haijarekodi kitu. Dawa ni kununua kile kigawanyio cha soketi chenye matundu mawili, au kuingia kwenye boksi la fyuzi.

Boksi la fyuzi kwenye Toyota nyingi liko chini ya dashibodi, na lingine liko mbele kwenye injini. Tunalotaka ni la ndani. Humo kuna fyuzi za aina mbili kwa hesabu yetu: zenye umeme muda wote hata gari likiwa limezimwa, na zenye umeme pale tu ukizungusha funguo mpaka kwenye ACC au ON. Mfuniko unaweza kuwa na maelezo ya Kijapani, kwa hiyo usibahatishe. Chukua taa ya kupimia au mita, pima kila fyuzi funguo ikiwa imetolewa, halafu pima tena funguo ikiwa kwenye ACC. Dakika kumi tu unakuwa umeijua ramani nzima.

Kisha nunua vifaa viwili. Cha kwanza ni kale kaboksi ka kushusha umeme kanakotengenezwa kwa ajili ya kamera, kenye nyaya tatu: mmoja wa umeme wa muda wote, mmoja wa ACC, mmoja wa kwenda bodi. Mara nyingi wa njano ni wa muda wote, mwekundu ni wa ACC na mweusi ni wa bodi, lakini soma karatasi yako maana watengenezaji hawafanani. Na hakikisha kichwa cha waya kinaingia kwenye kamera yako, viko vya aina tatu tofauti. Cha pili ni soketi ndogo inayochomekwa mahali pa fyuzi, yenyewe ina nafasi ya fyuzi mbili: ile ya zamani ya gari na mpya ya kamera. Ya kamera weka ndogo, ampea 3 au 5 inatosha. Ule mguu unaolisha fyuzi zote mbili uelekee upande wenye umeme. Ukigeuza, kamera itawaka vilevile, ila umeme wake utakuwa unapitia na fyuzi ya gari, na hatukutaka hivyo.

Chagua fyuzi ya redio au ya soketi. USIGUSE ya eabegi (inaandikwa SRS), ya ABS, wala ya kompyuta ya injini. Kamera ya elfu themanini sio sababu ya breki kuanza kuwasha taa kwenye dashibodi. Waya mweusi ufunge kwenye bolti iliyoshika chuma kitupu cha bodi, sio chuma chenye rangi. Wenye haibridi kama Aqua na Prius, utaratibu ni huo huo wa fyuzi za volti 12, ila nyaya nene za rangi ya chungwa kaa nazo mbali, zile ni za umeme mkubwa wa kuua mtu.

Kuna ujanja mmoja kwa magari ya Japani. Mengi yanakuja na kale kadude ka kulipia barabara za kule, ka ETC. Hapa kwetu hakana kazi yoyote, lakini kana nyaya zake za umeme na bodi zilizofungwa vizuri kutoka huko. Ukikatoa unapata mahali pa kuunga kile kiboksi bila kugusa boksi la fyuzi. Ni kupima tu kwa taa upi ni upi.

Sasa swali ambalo lazima familia ijibu: mnataka kamera irekodi gari likiwa limeegeshwa pia? Wauzaji wanalisifia sana hili jambo. Tupige hesabu. Kamera inakula wati 5 hivi, kwa betri ya volti 12 ni kama ampea 0.4. Ni kidogo. Lakini gari likiegeshwa Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 12 asubuhi ni masaa 60. Zidisha: ampea-saa 24. Betri ya gari dogo kama Vitz au IST, ile ya NS40, ina kama ampea-saa 35 ikiwa mpya. Yenu ni mpya? Jumatatu asubuhi watoto wa shule wamekaa ndani, mzee anazungusha funguo, tik tik tik. Hiyo ni nafuu. Mbaya ni usiku mtu anaumwa, mnataka kukimbia hospitali, na mnaanza kutafuta wa kusukuma.

Kile kiboksi cha nyaya tatu kina kinga yake, kinakata umeme betri ikishuka kiwango fulani. Vingi vina kaswichi ka kuchagua, mfano 11.8, 12.0, 12.2 au 12.4. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama 12.6. Ikifika 12.2 imebaki karibu nusu. Ikifika 11.8 haina kitu. Sasa mtu anaweka 11.8 ili arekodi muda mrefu, yaani kinga inakata wakati betri imeshakufa! Weka 12.4, au 12.2 kama betri ni mpya kabisa. Na kumbuka betri za kuwashia gari hazijatengenezwa kuchotwa chotwa mpaka chini, kila ukizimaliza unapunguza umri wake.

Maoni yangu mimi: kama gari linalala ndani ya geti, achana na kurekodi usiku. Unga kwenye ACC tu, funguo ikitoka kamera inalala, betri salama. Kama linalala nje barabarani na mmeshaibiwa saitimira mara mbili, hapo nakuelewa.

Kupitisha waya: panda nao nyuma ya kava la juu ya kioo, unausukuma kwa kidole tu unaingia, shuka kwenye nguzo ya pembeni, ingia chini ya raba ya mlango mpaka kwenye fyuzi. Angalizo liko kwenye hiyo nguzo. Kama kava lake limeandikwa SRS au AIRBAG, ndani kuna eabegi ya pembeni. Waya upite NYUMA yake, usikatize mbele, kwa sababu ikifyatuka itarusha kila kilichoko mbele yake. Kama huwezi kuona ndani, pitisha kwenye raba tu, uache kava la nguzo lilivyo.

Joto nalo. Gari limeanikwa juani Dar saa saba mchana, pale kwenye kioo ni jiko. Kamera zenye betri ya lithiamu ndani zinavimba, mara nyingine kava linapasuka. Zipo zinazotumia kapasita badala ya betri, hizo zinavumilia joto zaidi. Muulize muuzaji, akibabaika nenda duka la pili.

Memori kadi msinunue ya bei ya maandazi. Kamera inaandika na kufuta saa zote, kadi ya kawaida inachoka haraka, tafuta zile zilizoandikwa ni za kazi ya kurekodi muda mrefu. GB 64 kwa picha ya 1080 inabeba masaa nane mpaka kumi hivi, kisha inaanza kufuta za zamani. Feki nazo ni nyingi, inasema 64 kumbe ni 8. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, ipakue ukiwa hapo kafe, ichunguze kadi kabla hujaiweka. Iache kadi ikiwa tupu, inachukua muda, so lipia saa nzima.

Halafu saa ya kamera. Kama mmerithi kamera ya Kijapani iliyokuja na gari, itakuwa kwenye saa za Tokyo, masaa sita mbele yetu. Cha kuchekesha ni kwamba inasoma sawasawa na saa ya Kiswahili: saa nane mchana yetu, yenyewe inaandika 8:00. Wengi wanaona ni sawa wanaiacha. Lakini inaandika 8:00 PM, na video ya mchana yenye jua kali imeandikwa usiku, ukiipeleka polisi au bima unaanza kuulizwa maswali. Rekebisha saa na tarehe. Na wifi ya kamera badilisha neno la siri, nyingi zinatoka kiwandani na 12345678. Maikrofoni kama hamuihitaji izimeni, maongezi ya mzee na mama ndani ya gari hayana kazi kwenye kadi.

Ikitokea ajali: kwanza watu waliomo, majeruhi na usalama. Kisha bonyeza kitufe cha kufunga video isifutwe, maana kile cha kuhisi mtikisiko kinaweza kisishtuke kwa mguso mdogo wa bodaboda. Zima kamera, toa kadi, weka nyingine. Polisi na bima wape nakala, kadi yenyewe itunze ilivyo bila kuhariri wala kubadilisha majina ya faili, hapo ndipo ile habari ya mahakama kuangalia utunzaji inapoingia. Na usiirushe kwenye magrupu. Nyuso na namba za watu zimo mle, na tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi.

Ukija kafe kutoa nakala, telezesha kale kaswichi ka kwenye adapta ya kadi kwenda LOCK kwanza, virusi vya mashine za kafe visiandike chochote humo. Na ukimaliza, futa ile iliyobaki kwenye desktopu, kisha futa na kwenye Recycle Bin.