Kuiwekea Kompyuta Mpakato Mfumo Huria

Magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo UNESCO iliyaingiza pamoja na yale ya Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, siku hizi hayahifadhiwi kwa mawe na chokaa peke yake. Majengo yake makuu, ukiwamo Msikiti Mkuu, yamepimwa kwa leza na wataalamu wa Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 2020 kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa maeneo matano yaliyowekwa katika maonyesho ya mtandaoni ya Google, yaliyoandaliwa pamoja na taasisi ya CyArk ya Marekani, kuhusu urithi unaotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Vipimo vya aina hiyo huzaa mamilioni ya nukta ambazo zikiunganishwa hutoa umbo la jengo, na programu za kuzifungua hazilipiwi: CloudCompare hushughulikia nukta zenyewe, Blender huchora umbo, na QGIS hutengeneza ramani. Kinachompa taabu mwalimu au mwongoza watalii wa Kilwa Masoko ni mashine ya kuziendeshea, hasa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, huku kompyuta nyingi zilizo nzima zikikataliwa na Windows 11 kwa sababu ya umri wa kichakataji chake au kwa kukosa chipu ya usalama inayotakiwa.

Mashine kama hizo zinaweza kuokolewa kwa kuwekewa mfumo endeshi huria. Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kompyuta nzima, ikigawa kumbukumbu, kupokea herufi kutoka kwenye kibodi, kuandika mafaili kwenye diski na kuziruhusu programu nyingine kufanya kazi. Mfumo huitwa huria pale ambapo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watunzi wake, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ndiyo inayojulikana zaidi miongoni mwa mifumo hiyo, na humfikia mtumiaji katika matoleo kama Debian, Linux Mint na Ubuntu, hili la mwisho likiwa limeasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Tanzania nayo ina historia katika jambo hili, kwani mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Tafsiri ya programu, hata hivyo, haifanywi mara moja ikaisha, kwa kuwa kila toleo jipya huja na maneno yake. Ndiyo maana anayechagua Kiswahili leo katika mazingira ya GNOME hukuta menyu zimechanganyika na Kiingereza, na anayewafundisha wanaoanza ni vyema awaeleze hivyo mapema.

Mara nyingi lawama huangukia Linux yenyewe pale kompyuta mpya inapokosa waifai au sauti, ilhali chanzo huwa ni viendeshi. Kiendeshi ni programu ndogo inayosimama kama mkalimani kati ya mfumo na kifaa fulani, na mtengenezaji wa kifaa asipotoa maelezo yake, au akichelewa kuyatoa, watunzi wa Linux hulazimika kubahatisha au kusubiri. Vifaa vingine huhitaji pia famiwea, yaani maagizo yanayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe kila kinapowashwa, ambayo kwa kawaida msimbo wake umefichwa. Debian kwa miaka mingi ilikataa kuyaweka katika diski yake rasmi ya kusakinishia, kwa msimamo wa uhuru uliowagharimu wanaoanza, hadi wanachama wake walipopiga kura mwaka 2022 na toleo la 12, lililotoka mwaka 2023, likaja nayo. Kwa sababu hiyo kompyuta iliyotoka mwaka mmoja au miwili nyuma mara nyingi huwa salama kuliko ile iliyoingia dukani wiki iliyopita.

Kabla ya kugusa chochote, mtumiaji anapaswa kunakili mafaili yake mahali pengine na kuhakikisha kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofumba data yote na ambao kompyuta nyingi mpya huja nao ukiwa umewashwa bila mwenyewe kujua. Ulinzi huo ukihisi kwamba mipangilio ya uwashaji imebadilishwa, hudai ufunguo wa tarakimu 48, na asiye nao huzikosa picha na nyaraka zake zote, hata kama Linux haijasakinishwa bado. Ufunguo huo aghalabu hupatikana katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na ni heri uandikwe kwenye karatasi.

Hatua inayofuata ni kuandaa flashi ya kuwashia, ambayo mfumo wote huendeshwa kutoka humo bila kuandika kitu kwenye diski. Faili la Ubuntu lina ukubwa wa gigabaiti kadhaa, kwa hiyo anayetegemea bando la simu hufanya vizuri kulipakua mara moja, kulihakiki kwa namba ya SHA256 inayotolewa pamoja nalo, kisha kulipitisha kwa wenzake. Kompyuta ikishawaka kwa flashi hiyo, ndipo penye majaribio ya kweli: waifai, sauti, kamera, mwanga wa skrini, na kufunga kifuniko kisha kukifungua. Amri ya «lspci -k» huorodhesha vifaa vingi vya ndani, na chini ya kila kimoja huonyesha kiendeshi kinachotumika. Kadi ya waifai isiyo na mstari huo ndiyo yenye kasoro. Dawa ya haraka ni kuunganisha simu ya Android kwa waya wa USB na kuwasha ushirikishaji wa intaneti, kwani Linux huiona simu hiyo kama mtandao wa kebo, na kiendeshi kinachokosekana hupakuliwa kupitia humo.

Kompyuta zenye kadi ya michoro ya Nvidia zina mtego wa pekee. Uwashaji salama, ulioenea tangu Windows 8 ya mwaka 2012, huzuia programu isiyo na sahihi inayotambuliwa kupakiwa wakati wa kuwasha, na ingawa matoleo makubwa ya Linux yana sahihi hiyo, kiendeshi cha Nvidia kinachojengwa ndani ya kompyuta ya mtumiaji huenda kisiwe nayo. Hapo kisakinishi cha Ubuntu kinaweza kumwomba mtumiaji atunge nywila, na kompyuta ikiwashwa upya hutokea skrini ya buluu inayosubiri sekunde chache tu ili ufunguo wa sahihi ya kiendeshi hicho usajiliwe kwa nywila hiyohiyo. Asiyejua maana yake huiacha ipite, kisha hushangaa kwa nini Blender inajikokota.

Usingizi wa kompyuta ndio unaobaki kuwa kero hata mengine yote yakikaa sawa. Mashine nyingi mpya zimeacha usingizi mzito wa zamani na kutumia ule mwepesi, ambao kichakataji hubaki macho kwa kiasi, na betri huweza kuisha ndani ya begi. Faili la «/sys/power/mem_sleep» huonyesha kinachopatikana: likiwa na neno «deep», usingizi mzito upo na unaweza kuchaguliwa; likiwa na «s2idle» peke yake, mtengenezaji ameuondoa. Njia ya kuhifadhi kumbukumbu yote kwenye diski kisha kuzima, kwa kawaida, hukataliwa na kiini cha Linux pale uwashaji salama unapotumika. Kwa hiyo anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko na kushinda magofuni bila soketi afadhali aizime kompyuta kabisa kila anapomaliza, kwani kwa diski za kisasa kuiwasha upya hakuchukui hata dakika moja.