Nimonia kwa watu wazima: Umaskini na kuchelewa huongeza hatari ya kifo

MSIMU wa baridi unapowadia kati ya Juni na Agosti, kikohozi huwa jambo la kawaida katika nyumba nyingi za Bura, chini ya vilima vya Taita, kaunti ya Taita Taveta. Wengi hupona baada ya siku chache. Kwa wengine, hata hivyo, kikohozi hicho hugeuka kuwa nimonia, maradhi ya mapafu yanayoweza kumwua mtu mzima kwa muda mfupi.

Je, kwa nini watu wawili huugua maradhi hayo hayo, mmoja akapona na mwingine akafa?

Utafiti uliofanywa nchini Kenya kati ya 1994 na 1996 na kuchapishwa mwaka 2000 katika jarida la The Lancet ulitoa jibu ambalo halipaswi kusahauliwa. Watafiti walichunguza watu wazima 281 waliofika na nimonia katika hospitali mbili za umma, moja ya mjini na nyingine ya mashambani.

Miongoni mwa wagonjwa 255 waliofuatiliwa kwa angalau majuma matatu, 25 walifariki. Nusu ya waliofariki walikuwa na umri wa miaka 33 au chini ya hapo.

Hatari ya kifo ilipanda kadiri umri ulivyoongezeka na kadiri moyo ulivyopiga kwa kasi. Wenye malengelenge midomoni pia walikuwa hatarini zaidi. Lakini mambo mawili hayakuhusu mwili: kukosa ajira, na kupitia kwa mganga wa kienyeji kabla ya kufika hospitalini. Kila moja liliandamana na ongezeko la uwezekano wa kufa la zaidi ya mara nne.

Hii haina maana kwamba dawa za mganga ndizo zilizoua. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba asiye na nauli wala ada ya matibabu huanza mahali anapoweza kumudu, na siku zinapopita mapafu huendelea kujaa usaha na maji, hewa ya oksijeni ikapungua katika damu.

Virusi vya HIV, vilivyopatikana kwa asilimia 52 ya wagonjwa hao, havikuonekana kuongeza vifo vya nimonia katika utafiti huo, ingawa inajulikana kwamba hurahisisha kuambukizwa maradhi hayo. Kifua kikuu kilikutwa kwa asilimia 9, hivyo si kila nimonia hutibiwa kwa dawa za kawaida.

Mwaka 2003, watafiti wa Uingereza, New Zealand na Uholanzi walichapisha kipimo cha kutambua mgonjwa aliye hatarini. Huangaliwa kama amechanganyikiwa akili, anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo lake la damu limeshuka, au ametimiza miaka 65. Kiwango cha urea katika damu pia hupimwa.

Kipimo hicho husaidia, lakini kigezo cha umri chaweza kumpotosha mhudumu katika nchi ambako nimonia huua vijana. Kijana anayehema kwa shida asirudishwe nyumbani kwa sababu tu ya ujana wake.

Wengine wanaopaswa kuwahi matibabu ni wenye kisukari, pumu, maradhi ya moyo au figo, wavutaji wa sigara, walevi, wajawazito na waliodhoofika kwa kukosa lishe.

Kwa mkazi wa Bura, njia ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi hupitia Mwatate, na safari hiyo huhitaji nauli. Ndiyo sababu jamaa wanashauriwa kutosubiri usiku. Mgonjwa akianza kuhema, kuumwa na kifua anapovuta pumzi, kuwa na midomo ya samawati au kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe siku hiyo hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu, apimwe oksijeni na kuanzishiwa dawa.